Risala ya wavuvi na wachuuzi wa samaki wa Msasani, Dar es Salaam, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wazee wetu, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana,

Wakubwa zetu, shikamooni. Karibu sana Msasani. Wageni wa hadhi yako wengi huishia upande wa pili wa rasi hii, kule Masaki na Oysterbay, kwenye balozi na hoteli zilizogeukia bahari. Wewe umeshuka hadi kwa wavuvi, viatu vimeingia mchanga, na harufu ya samaki tumeshindwa kuificha. Tunashukuru.

Ndugu Mgeni Rasmi, ukitaja Msasani siku hizi, mtu anawaza kodi kubwa ya nyumba. Lakini hapa palikuwa kijiji cha wavuvi kabla wakoloni hawajajijengea Oysterbay. Hata Mwalimu Nyerere alichagua kuishi Msasani. Hatudai hati ya rasi nzima. Shida yetu ni vichochoro.

Wakati wa bamvua, maji yakijaa hugonga kuta za watu na ufukwe haupitiki. Inabidi upite juu, uchochoroni, kati ya uzio na uzio. Vichochoro hivyo vinazidi kupungua. Kimoja kimewekewa geti, na mlinzi wake ni kijana wetu wa hapahapa, anatuzuia huku akitazama chini. Basi mama mwenye ndoo ya vibua kichwani anazunguka hadi barabara kuu juani. Barafu inayeyuka, samaki wanalegea, bei inashuka kabla hajamfikia mteja, ambaye mara nyingi ni huyohuyo mwenye geti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Tulipoambiwa banda letu la kukaangia limesogea mno, tulilivunja wenyewe. Tunauliza tu kama kuta za zege nazo zinapimwa kwa kamba ileile. Ukuta haumalizi wimbi. Unalirudisha, nalo linachota mchanga, na kwa jirani asiye na ukuta pwani inazidi kuliwa.

Kwa upande wetu, tunazoa taka ufukweni kila Jumamosi. Mifuko ya plastiki imepungua tangu katazo la Juni 2019. Chupa bado.

Tunaomba vichochoro vyote vya kushukia pwani vipimwe, viwekewe vibao, na kile chenye geti kifunguliwe. Coco Beach watu wanakwenda kula mihogo bila kumwomba mtu ruhusa. Nasi tunataka kufikia vyombo vyetu vivyo hivyo.

Mwisho, Ndugu Mgeni Rasmi, tumekuwekea changu wawili kwenye barafu. Ukiondoka nao pitia barabara kuu, na usichelewe.

Tunaomba kuwasilisha.