Shukrani kwa Waliotusaidia Kuwasitiri Baba na Mama, Misungwi

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa wazee wetu wawili wa Misungwi tunatoa shukrani kwa wote walioshiriki nasi katika misiba miwili iliyofuatana: wa baba, kisha wa mama, ambaye hakuifikia arobaini ya mumewe. Hatutaweza kupita kaya kwa kaya kumshika kila mtu mkono, hivyo tunaomba salamu hizi ziwafikie mlipo, Misungwi, Kwimba, Magu, Sengerema, Ukerewe na mjini Mwanza.

Tunawashukuru vijana wa kitongoji waliochimba makaburi. Udongo wa mbuga ukilowa hunata kwenye jembe na kuta za shimo humomonyoka. La mama lilichimbwa mvua ikiwa imenyesha, wakawa wanateka maji kwa ndoo na kujengea tofali kuanzia chini, na hadi kunakucha lilikuwa tayari. Tunawashukuru kina mama waliokuja na michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), kuni na maji, na ndugu zetu wavuvi wa upande wa ziwa walioleta dagaa na sato bila kuulizwa bei. Ndugu wa Sengerema na Geita walifika mapema kwa kupitia Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi. Kabla halijafunguliwa mwaka 2025, msiba wa ng'ambo ulikuwa unapangwa kwa ratiba ya kivuko, na wengi walikuta tumeshazika.

Shukrani ya pekee ni kwa waliochunga mifugo yetu. Ng'ombe hawangoji matanga. Majirani waligawana zamu wenyewe: wa kukamua alfajiri, wa kuwapeleka lamboni, wa kuhesabu jioni wakiingia zizini. Sungusungu walilinda usiku, kwa sababu wezi wa mifugo wanajua kwamba boma lenye msiba lina watu wengi lakini macho yote yako kwenye turubai. Hakupotea hata ndama.

Wengi mliosimama kutoa salamu za mwisho mlimtaja baba kwa ngitili yake, yaani eneo la malisho linalofungwa masika ili liliwe kiangazi, nasi tunaona ndivyo inavyostahili akumbukwe. Alilifunga eneo lile mvua za kwanza zilipoanza, Novemba au Desemba, na mnyama hakuingia mpaka nyasi zimekomaa na kudondosha mbegu. Alilifungua Julai au Agosti, tena kipande kwa kipande. Waliotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaokamuliwa, wagonjwa, na maksai, kwa kuwa maksai asiyekula vizuri Septemba hawezi kuvuta plau mvua zikirudi. Kundi kubwa lilikuja nyuma yao kula yaliyobaki, na hata hapo hakuruhusu kipande kiliwe mpaka udongo uonekane. Nyasi iliyong'olewa na shina lake haioti mwaka unaofuata. Huota magugu ambayo ng'ombe hawali, na mvua ya kwanza huchukua udongo wa juu. Migunga ya ndani ya ngitili haikukatwa kuni, maana maganda yake huanguka kiangazi kikiwa kikali, wakati nyasi zimebaki makapi, na mbuzi na ng'ombe huyaokota.

Mpaka wa ngitili ile ni minyaa aliyoipanda mwenyewe. Wazee wa rika lake walikuwa wakisema kwamba wakati wa Operesheni Vijiji, mwaka 1974, watu walipohamishwa kwenye maeneo yao, ngitili nyingi zilikufa kwa kukosa mwenyewe wa kuzifunga na kuzifungua. Tunaushukuru uongozi wa kijiji kwa kukubali mpaka huo uandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, mbele ya majirani wa pande zote nne. Minyaa pekee haitoshi siku hizi.

Jambo la pili ni josho, birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Baba alikuwa mmoja wa waliolisimamia, na tulipokuwa kwenye matanga kamati iliendelea kuogesha kila wiki kama alivyozoea. Tunawashukuru sana. Kwa ajili ya vijana wanaochukua kazi ile, tunaandika aliyoyasisitiza. Ng'ombe wanyweshwe maji kwanza na wapumzike kivulini, maana mwenye kiu akitumbukia hunywa dawa. Wapite kwenye kidimbwi cha kuoshea kwato, kwa sababu tope na kinyesi vikizidi ndani ya josho hushika dawa na kuipunguzia nguvu. Kundi la kwanza lirudishwe lizame tena, kwa kuwa ndilo linalokoroga dawa iliyotuama, na lenyewe huwa limepata maji matupu. Kichwa lazima kizame, kwa kuwa kupe wa kahawia anayeambukiza ndigana kali hukaa ndani ya sikio. Maji yakipungua, msikadirie kwa macho. Someni alama za ukutani, kisha ongezeni maji na dawa kwa kipimo cha kujazia kilichoandikwa kwenye kopo, ambacho mara nyingi ni kikali kuliko cha kuanzia, kwani ng'ombe hutoka na dawa kwenye manyoya zaidi ya anavyotoka na maji. Mvua kubwa ikijaza josho, nguvu ya dawa imeshuka hata kama harufu bado ipo.

Anayenyunyizia nyumbani ajue kwamba ng'ombe mkubwa anahitaji kama lita 10. Pampu ya mgongoni ya lita 20 ni ya ng'ombe wawili, si kumi. Pampu ikigawanywa kwa kundi zima mgongo hulowa, lakini masikio, chini ya mkia na mapajani hubaki makavu, na kupe wako huko.

Sasa tumseme mama, maana sifa za ng'ombe hupewa wanaume na ndama hubaki mikononi mwa wanawake. Wengi mlisema mlijifunza kwake. Ndama wake alinyonya dang'a, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ndani ya saa sita za mwanzo. Asiyeweza kusimama, mama alimkamulia dang'a hiyo na kumnywesha, kama lita mbili ndani ya nusu siku kwa ndama wetu wa kienyeji, kwani kinga ya magonjwa iko kwenye maziwa hayo, na baada ya siku moja utumbo hauipokei tena. Kitovu alikichovya kwenye ayodini. Kabla ya kukamua alitoa mchirizi wa kwanza wa kila chuchu kwenye chombo cheusi, akatazama kama kuna mabonge. Yakiwepo, ng'ombe huyo alikamuliwa wa mwisho, na maziwa yake hayakuchanganywa na ya wengine.

Alimpapasa kila ndama chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi ikivimba na mwili ukichemka, ni ndigana kali mpaka ithibitishwe vinginevyo, na mtaalamu wa mifugo anaitwa siku hiyo hiyo. Dawa ya buparvakwoni hudungwa ndani ya msuli, mililita 1 kwa kila kilo 20 za uzito, na hufanya kazi ikiwahi. Ndama akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, maji yameingia mapafuni na dawa inakuwa ya kujifariji. Kosa tunaloliona kwenye kaya nyingi ni kudunga oksitetrasaiklini kwa kila homa. Hiyo husaidia ndigana baridi, ambayo ni ugonjwa mwingine. Kwa ndigana kali iliyokwisha kupamba moto, inapoteza siku ambazo ndama hana. Chanjo ya ndigana kali ipo, hutolewa mara moja kwa maisha, na mama alikuwa tayari kuuza kuku ili ndama wachanjwe.

Ndugu zetu, tuna shukrani nyingine ambayo haizoeleki kutajwa hadharani. Baba alikuwa na ng'ombe aliowakabidhi kwa majirani na marafiki hadi upande wa Kwimba. Mpokeaji alikunywa maziwa, akatumia samadi na kulimia, na uzao uligawanywa kwa makubaliano ya watu wawili. Hakuna aliyeandika. Hesabu yote ilikuwa kichwani mwake, na ile asiyoikumbuka aliikumbuka mama, kwa rangi ya ng'ombe na jina la ng'ombe aliyemzaa. Wote wawili wameondoka nayo. Ndiyo maana tunawashukuru kutoka moyoni mliokuja wenyewe, bila kuitwa, mkasema, "Ng'ombe wa mzee yuko kwangu, na uzao wake ni huu." Kuna aliyeleta ngozi ya ng'ombe aliyekufa kiangazi kilichopita, iwe ushahidi, kama utaratibu wa zamani unavyotaka. Kuna mjane aliyekuja kuonyesha mtamba ambaye sisi tusingemjua kamwe.

Kikao cha ukoo kimempendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake umepelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na vyeti vya vifo. Akishateuliwa, ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali. Tunawaomba ambao bado wana ng'ombe wa wazee, na wale ambao ng'ombe wao walikuwa kwa wazee, au wanaowadai wazee, wafike kwa msimamizi au kwa mwenyekiti wa kitongoji kabla orodha haijafungwa. Njooni na mtu mmoja aliyekuwepo siku ya makabidhiano. Tutaandika rangi ya mnyama, mkato wa sikio, namba ya hereni kama anayo, na makubaliano ya uzao, kisha kila upande utasaini na kubaki na nakala. Atakayetaka kuendelea kumtunza mnyama kwa masharti yale yale ya baba ataendelea naye. Familia imelikubali hilo kwa kauli moja.

Watoto na wajukuu wa marehemu,
Misungwi, Mwanza