Kevo asiseme "ni kweli" haraka

Mama Imani dadangu,

Meseji yako niliiona usiku na usingizi ukapotea, nikasema hii si ya kujibu kwa simu, wacha nikuandikie. Kwanza pole. Najua venye umemlea mdogo wako Kevo tangu mama yenu afariki, lakini misokoto miwili ya bangi haijamaliza maisha yake.

Unasema alishikwa Ijumaa jioni akatoka Jumapili, na kotini ni Alhamisi. Hizo pesa za dhamana, polisi walikupa risiti? Iweke vizuri, kesi ikiisha mnarudishiwa. Na huyo jamaa anasema umpe elfu ishirini ati faili ipotee, usimpe hata shilingi, atakula na jina la Kevo litaitwa tu.

Chenye kinaniogopesha ni hiyo Alhamisi yenyewe. Binamu yangu aliposhikwa na msokoto mmoja mimi ndiye nilienda naye. Walipangwa kizimbani kama kumi hivi, karani anasoma mashtaka mbio mbio, kila mtu anajibu "ni kweli" akidhani ndio ataenda nyumbani mapema, na yeye akajibu hivyo hivyo kabla hata sijasimama. Ile bahasha ya kaki yenye msokoto ilikuwa hapo mezani, ndogo tu kama ya sadaka. Hakuna mtu alikuwa amemwambia ukishakubali kosa, rufaa inabaki ya adhabu peke yake, kosa lenyewe huwezi kulipinga tena.

Simwambii Kevo adanganye. Nasema kabla ya kujibu amwombe hakimu muda wa kupata wakili, hiyo ni haki yake kwa katiba. Kama pesa ya wakili hakuna, jaribu Kituo cha Sheria, wanasaidia watu wa kawaida bila malipo. Halafu someni chaji shiti, ile karatasi ya mashtaka, neno kwa neno. Kama imeandikwa kupatikana na bangi, ni afadhali, kwa sababu tangu sheria ya Kenya ibadilishwe 2022, mtu akiridhisha korti ilikuwa ya kuvuta mwenyewe, adhabu haizidi miaka 5 au faini ya 100,000. Ikiandikwa ulanguzi, yaani biashara ya bangi, hiyo ni maneno nyingine kabisa, hapo faini inahesabiwa kwa mamilioni, na usikubali aingie bila wakili.

Wakili pia amuulize mwendesha mashtaka mapema kama kesi inaweza kutolewa kotini kwa masharti, maana ofisi ya DPP, yule mkuu wa mashtaka ya umma, iko na sera ya hivyo tangu 2019 na kijana wa kosa la kwanza ndio mtu wake. Ikishindikana na Kevo akikubali kosa, waombe ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya hukumu. Hii ndio iliokoa binamu yangu. Afisa alikuja mpaka nyumbani, akakaa kwa kigoda pale jikoni na daftari yake, akauliza shangazi kijana analala wapi, anarudi saa ngapi, akaenda kwa jirani pia. Korti ikampa kazi ya jamii, akafyeka nyasi za zahanati miezi mitatu, na jela hakuingia. Hakimu anaweza pia kumweka chini ya probesheni, yaani akae nje akiangaliwa na huyo afisa, au kumwachilia kwa masharti asirudie kosa kwa muda fulani.

Usikimbilie faini ati kwa sababu inaisha siku moja. Faini ni adhabu ya mtu aliyepatikana na hatia, na Kevo akimaliza chuo atatafuta kazi, ataulizwa cheti cha mwenendo mwema cha polisi.

Sasa hii wiki nenda kwa chifu upate barua, na chuo waandike kwamba anasoma. Alhamisi napanda matatu ya saa kumi na moja alfajiri, tukutane hapo getini kwa korti kabla ya saa mbili. Mwambie avae ile shati nyeupe ya kanisa, na ale kitu kabla ya kutoka.

Wako,
Nyambura