Turudishiwe ova 50

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie Kombe la Asia la timu chipukizi za kriketi. Tangu lianze Singapore mwaka 2013 lilikuwa la ova 50 kila upande (ova moja ni mipira sita ya kurushwa). Mwaka 2024 kule Oman likakatwa hadi ova 20, na mimi nimeumia kweli.

Fainali ya 2023 jijini Colombo bado ninayo kichwani. Siku chache kabla, India A, yaani timu ya chipukizi ya India, walikuwa wamewachapa wenzao wa Pakistan A kwa wiketi 8 (wapigaji wao wawili tu ndio walitolewa). Wakakutana tena kwenye fainali, na Tayyab Tahir wa Pakistan A akapiga mikimbio (pointi) 108 kwa mipira 71. Pakistan A wakafika 352, India A wakaishia 224. Kijana anapata wapi muda wa kujenga mchezo namna hiyo katika ova 20? Mrushaji naye anabakiwa na ova 4 badala ya 10. Akianza vibaya, siku yake imekwisha.

Na Nepal je? Oman? Nafasi ya kupambana siku nzima na wakubwa wa Asia hawaipati kila mwaka.

Baraza la Kriketi la Asia, tunawaomba: rudisheni ova 50.

Mpenzi wa kriketi