Ritifaa ya Ng'ambo

Mhariri,

Naishi Ng'ambo, hapa Tabora. Wiki iliyopita gazeti lako limeniandikia “Ngambo” mara tatu kwenye habari moja. Simlaumu sana mwandishi. Ritifaa, ile alama (') ya ng', kwenye kibodi imetupwa pembeni, kazi ya kidole kidogo, na anayechapa kwa haraka huiruka. Lakini ngoa si ng'oa: ya kwanza ni wivu, ya pili inahusu jino bovu.

Mimi ni mchapaji tangu enzi za mashine za taipu. Siku hizi nina meza yangu jirani na soko, nachapa barua na risala. Mwaka huu mimi na mpwa wangu, fundi simu, tulijilehemea kibodi ya vitufe 40. Namba hazina safu yake. Huja ukishikilia kitufe kingine. Chipu yake ni ATmega32U4, na programu inayokaa ndani, QMK, ni ya bure na unaruhusiwa kuibadili. Nilitaka jambo moja tu: kitufe kimoja kitoe n, g na ritifaa kwa mpigo.

“Shangazi, hii tunaiflashi kama simu,” akasema, maana yake kuipakia programu kwenye chipu. Thubutu! Kwanza alitaka taa za rangi. Programu ikavimba kupita baiti 28,672 zilizopo, ikagoma kuingia. Taa zikafutwa (sikuzililia). Kisha unagusanisha pini mbili za bodi, RST (ya kuiwasha upya) na GND (ya ardhi), kwa kibano, mara mbili chapuchapu, na una sekunde 8 tu za kuipakia. Tulizikosa mara nne, yeye akihesabu kwa sauti kama refa wa ngumi.

Siku ya kwanza ya kazi nikaanza sentensi, nikashika shifti, ikatoka NG"ambo. Shifti ilikuwa imezikamata zote tatu, na ritifaa ikishikiwa shifti hugeuka alama ya kunukuu. Tukarudi kwenye msimbo: programu itazame kwanza kama shifti imeshikwa, iiachie, ndipo itoe N kubwa, g ndogo na ritifaa yake. Tukaflashi upya.

Nyinyi hamhitaji kulehemu chochote. Programu ya kuandikia ikiagizwa mara moja, itairekebisha “Ngambo” yenyewe kila inapochapwa. Na ukiitoa barua hii, tafadhali usinidondoshee ritifaa hapo chini.

Mchapaji,
Ng'ambo, Tabora