Kuhusu huyo kijana wa dukani

Shoga yangu Rukia,

Nisalimie mama na watoto. Unasema ulipomwuliza kijana wako habari ya pesa zilizopungua kwenye droo, aliinamisha macho na kubabaika, ndipo ukajua kuwa mwizi ni yeye. Hapo mimi nakataa.

Kijana aliyelelewa kwa adabu amkazie macho tajiri yake? Mimi nawe tulifinywa kwa kumtumbulia macho mkubwa!

Imani hiyo si yako peke yako. Watafiti waliuliza watu wa nchi 58 mwongo hutambulikaje, na mwaka 2006 wakachapisha majibu. Lililoongoza ni kwamba hakutazami usoni. Mwaka huohuo wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha majaribio chungu nzima ya kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu. Watu walipatia mara 54 katika 100. Kwa kurusha sarafu ungepata 50. Mashine ya kupima uongo nayo hudanganywa: Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliyewauzia Warusi siri, alipimwa 1986 na 1991, akapita kote. Kilichowatia wenzake shaka ni pesa, maana alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu na mshahara wake ulijulikana.

Kwa hiyo rudi kwenye daftari la mauzo na ujumbe wa malipo ya simu. Ila usimwonyeshe kwanza! Kosa lako lilikuwa kumtupia tuhuma mapema. Huko Sweden, wanafunzi wa upolisi waliofundishwa kuficha ushahidi hadi mshukiwa amalize maelezo yake walipatia 85 katika 100. Wenzao wasiofundishwa, 56. Mwulize kwa upole nani alifunga duka, wateja gani walikopa, pesa zilihesabiwa saa ngapi. Mwache aseme yote, usimkatize. Asiye na hatia hutaja hata yale unayoyajua, kwa sababu hana la kuficha. Mwenye lake huyaruka, au huyakana, kwa kuwa hajui una nini mkononi. Ukisha, fungua daftari mbele yake.

Na jambo jingine, usinikasirikie. Mbona shemeji yako hukumtaja? Jumapili ufunguo anakaa nao yeye, na kwa kumkazia mtu macho, yule hana mpinzani. Muulize maswali yaleyale, siku nyingine, kijana asiwepo.

Niandikie ukishaongea nao wote wawili.

Wako,
Mwanaidi