Mbunge wa Kilindi tumpime pia kwa aliyoyasema Dodoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu marehemu Beatrice Shellukindo, aliyekuwa mbunge wetu wa Kilindi kuanzia mwaka 2005 hadi 2015, na kuhusu namna sisi watu wa majimbo ya vijijini tunavyowapima wabunge wetu.

Mimi ninasaga na kukoboa nafaka hapa Kibirashi. Watu wanaleta mahindi, wanangoja zamu, na wakingoja wanazungumza siasa. Wabunge waliopita wakitajwa, swali ni lile lile: nani alitoa nini. Huyu alinunua jezi za vijana, yule alichangia mabati, mwingine alifika msibani na bahasha. Juzi akatajwa Mama Shellukindo. Kijana mmoja, ambaye mwaka 2011 alikuwa bado anachunga mbuzi, akauliza bila ubaya wowote: "Huyo mama alitufanyia nini hasa?" Wazee wakaanza kubishana kuhusu barabara na visima. Hakuna hata mmoja aliyeitaja ile barua, nami imeniuma, maana baadhi yao tuliisikia pamoja redioni.

Kwa vijana ambao hawakuisikia, ilikuwa hivi. Katikati ya mwaka 2011 nchi ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme. Huku kwetu mgawo hatukuujua kwa sababu umeme wenyewe hatukuwa nao. Mashine yangu ilikuwa ya dizeli, mafuta nikiyafuata Handeni kwa madumu, na bei ya kusaga debe ilipanda kila dizeli ilipopanda. Lakini bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilikuwa yetu kuliko ya mtu wa mjini. Wakala wa Nishati Vijijini, hii REA tunayoijua wote, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007. Wakati ule ulikuwa chini ya wizara hiyo, na nguzo za vijijini zingepita mlango huo au zisingekuja kabisa.

Basi Julai 18 mwaka ule, bajeti hiyo ikijadiliwa, Mama Shellukindo akasimama kuchangia. Akalieleza Bunge kwamba anayo barua ya katibu mkuu wa wizara kwenda kwa taasisi zilizo chini yake, kila moja ikitakiwa kuchangia shilingi milioni 50 kufanikisha uwasilishaji wa bajeti bungeni. Nilizima mashine ili tusikie vizuri, na hakuna mteja aliyelalamika.

Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisema waziwazi kwamba mamlaka yangekuwa yake angekwisha kuchukua hatua, lakini ilibidi kumsubiri Rais, ambaye alikuwa safarini. Bajeti ikaondolewa, ikarudishwa na kupitishwa Agosti. Katibu mkuu akapewa likizo kupisha uchunguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwezi huo huo wa Agosti Katibu Mkuu Kiongozi akatangaza kwamba uchunguzi haukumkuta na kosa la kinidhamu. Ninalieleza hilo ili nisimwonee mtu. Wabunge hawakuridhika. Wakaunda kamati teule, mwenyekiti wake Ramo Makani wa Tunduru Kaskazini, na taarifa yake iliyosomwa Novemba ilisema uchangishaji ule haukuwa wa halali.

Nataka kijana wa Kibirashi aelewe ugumu wa jambo alilolifanya mama yule. Kilindi ilikuwa wilaya changa, imemegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Makao yake Songe yalikuwa yanajengwa taratibu, hospitali bado, maji bado, barabara ya vumbi, na mipakani na Kiteto wakulima na wafugaji wanagombania ardhi. Mbunge wa wilaya kama hiyo anaishi kwa kuomba. Anamfuata waziri wa maji kwa ajili ya kisima, wa afya kwa ajili ya gari la wagonjwa, wa nishati kwa ajili ya nguzo. Akiudhi ofisi moja, jimbo zima linaweza kusogezwa nyuma ya foleni na asipate hata mtu wa kumlalamikia. Naye alikuwa CCM, chama kimoja na waziri, Waziri Mkuu na Rais. Angeweza kuikunja barua ile, akaitia kwenye mkoba, akaenda kuongea faragha na wakubwa akapewa chochote kwa ajili ya Kilindi. Wapo ambao wangemwita mbunge hodari kwa kufanya hivyo. Yeye aliisema mbele ya Bunge zima, nchi ikisikiliza.

Hakuwa mgeni wa mabunge. Kabla ya kuja kuomba kura zetu alikuwa mbunge wa Tanzania katika Bunge la kwanza la Afrika Mashariki, lile lililozinduliwa Arusha Novemba 2001. Kisha akagombea jimbo, si viti maalumu, katika wilaya ambayo mwanamke kusimama jukwaani mbele ya wazee wa Kizigua na Kinguu lilikuwa jambo la kujadiliwa vilabuni. Akashinda, na mwaka 2010 akashinda tena. Julai 2016 akafariki, hata mwaka haujatimia tangu aachie kiti.

Sasa kijana anauliza alitufanyia nini. Ninamjibu kwa mashine yangu. Leo ninasaga kwa mota, kwa umeme wa REA wa njia tatu. Mama anayeleta debe halipii tena safari yangu ya kufuata dizeli. Sisemi kwamba barua ile ndiyo iliyoleta nguzo Kibirashi. Nguzo zimeletwa na miradi mingi na watu wengi, na mbunge aliyemfuata naye alizidai. Ninachosema ni kwamba fedha ya umma iliyo kwenye wizara, ikiwa inaweza kuchangishwa kwa barua ya ofisini ili kikao kiende vizuri, basi wa kwanza kuumia ni kijiji kilicho mwisho wa barabara. Mbunge aliyeizuia hiyo ametufanyia kazi, na kazi hiyo ndiyo tuliyomtuma.

Mabati nayo yana maana. Darasa lisilo na paa ni aibu, na mfiwa anastahili kusaidiwa. Lakini tumelelewa vibaya katika hili. Kwa miaka kadhaa sheria yenyewe ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani wagombea kuwakirimu wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipoitengua mwaka 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria zimebadilika, lakini mazungumzo ya kwenye foleni ya kusaga hayajabadilika. Tena mabati mengi tunayomshukuru mbunge kana kwamba ameyatoa mfukoni yanatokana na Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009. Ni fedha ya serikali. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, basi. Anayekuja kukabidhi bati la mfuko huo anakabidhi mali yetu wenyewe, na ni haki yetu kuuliza yamenunuliwa mangapi na yamekwenda shule gani.

Kuna sababu nyingine ya usahaulifu huu, na hiyo si ya wananchi. Mwaka 2011 tulimsikia Mama Shellukindo kwa masikio yetu, dakika ile ile anasema. Januari 2016 serikali ilitangaza bungeni kwamba TBC haitarusha tena moja kwa moja vikao vyote, kwa hoja ya gharama. Nakumbuka ukimya ulioingia hapa mashineni mchana. Siku hizi vikao vinaonekana mtandaoni, lakini ni kwa mwenye simu janja na bando, na huku bando linanunuliwa kwa hesabu kali. Mkulima anayepalilia Mkindi au Kikunde hawezi kukaa kutazama Bunge kwa simu. Anachokiona kwa mbunge wake ni gari, bahasha na hotuba ya jukwaani. Atampima kwa nini kingine?

Mimi ninaomba mambo ambayo hayahitaji bajeti kubwa. Taarifa Rasmi za Bunge, hizi wanazoziita Hansard, zimeandikwa kwa Kiswahili na zipo wazi. Ofisi ya mbunge ichape kurasa ambazo mbunge wa Kilindi amezungumza, swali aliloliuliza na jibu la waziri, zibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata, pale yanapobandikwa mapato na matumizi. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Mtendaji awe na dakika chache za kutusomea: mbunge wenu aliuliza hiki, akajibiwa hiki, ahadi hii imefika hapa. Mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la Kilindi; madiwani wetu wamdai nakala hizo Songe, wasingoje hisani. Na pakiwa na kimya cha kikao kizima, ubao nao uoneshe hivyo.

Kwako Mhariri ninalo ombi pia. Wakati wa kampeni gazeti lako huandika mgombea gani amejaza uwanja. Kabla ya hapo, tuandikieni mbunge aliyemaliza muda wake alisimama lini bungeni na kusema nini, jimbo kwa jimbo, mkianza na haya ya vijijini ambayo waandishi hawafiki. Mkoa wa Tanga peke yake una majimbo kadhaa ya namna hiyo: Kilindi, Handeni Vijijini, Korogwe Vijijini, Mkinga, Mlalo, Bumbuli. Mkichapa ukurasa huo, nitanunua nakala za kutosha nizitundike hapa mashineni, watu wasome wakingoja zamu. Gharama ya nakala nitailipa mimi, mnitumie tu kwa basi la Handeni.

Msomaji wako,
Kibirashi, Kilindi, Tanga
(Jina langu unalo)