Ombi la chuo cha ufundi lijazwe kwa namba yako, si ya mhudumu

Mama mmoja wa Pongwe alirudi kwenye duka letu la steshenari hapa Ngamiani, Tanga, akiwa na risiti tuliyompa sisi wenyewe. Mwanawe aliomba nafasi ya uchomeleaji vyuma, na sisi ndio tuliomjazia ombi mtandaoni. Wenzake walikuwa wameshaitwa, yeye kimya. Tulipofungua tukakuta alichaguliwa. Ujumbe wa kumwita ulitumwa wiki mbili nyuma, kwenye namba ya kijana aliyekuwa akikaa kwenye kompyuta yetu na ambaye alikwishaacha kazi. Siku ya kuripoti ilikuwa imepita.

Kosa lilikuwa letu. Tulimrudishia pesa yake, lakini mtoto alipoteza mwaka mzima, na mwaka haurudishwi kwa noti. Tangu siku ile tulibadilisha namna tunavyotoa huduma hii, na ndiyo sababu ya kuandika hapa.

Steshenari nyingi hufanya kama tulivyofanya. Mteja hana baruapepe, foleni ni ndefu, mhudumu anaweka yake ili mambo yaende. Neno la siri analikumbuka mhudumu peke yake. Mteja anaondoka na karatasi iliyochapwa akidhani amemaliza, kumbe mlango wa ombi lake umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mwingine. Siku hizi kwetu baruapepe hufunguliwa kwa jina la mwombaji na kwa namba yake, neno la siri analiandika kwa mkono wake kwenye daftari lake, na haondoki mpaka ameingia na kutoka mara mbili bila kusaidiwa. Inachukua muda. Tunaomba mtuvumilie.

Jambo la pili ni taarifa zilizochina, yaani zilizopitwa na wakati. Samaki wa soko la Deep Sea hapa Tanga ukimnunua unamtazama jicho na shavu. Taarifa ya chuo nayo itazame tarehe kwanza. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa miaka mingi vyuo vya ufundi stadi vya watu binafsi vilikuwa vikisajiliwa huko. Mwaka 2021 baraza la elimu ya ufundi lililoitwa NACTE likaongezewa ufundi stadi na kuwa NACTVET, na usajili wa vyuo ukahamia kwake. Kurasa za zamani hazikufutwa. Mtu anatafuta kwenye simu, anakuta chuo "kimesajiliwa", anatuma ada, kumbe alikuwa anasoma tangazo la miaka mingi iliyopita. Kwa hiyo kila tunachomtumia mteja tunakiandika tarehe tuliyokitazama na mahali tulipokitoa. Chuo chochote mnachotutajia tunakitafuta kwanza kwenye orodha ya NACTVET, pamoja na kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa na usajili na kozi unayoitaka isiwemo. Mdogo wangu wa tumbo moja alilipia mwaka mzima wa umeme wa majumbani kwenye chuo ambacho hatukukiona kwenye orodha yoyote. Cheti chake kipo ndani ya sanduku kwa mama, hakijawahi kumsaidia kitu.

Na kwa fundi umeme, cheti si pambo. Leseni ya kufunga umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, nao wanataka kuona elimu yako.

Swali tunaloulizwa sana ni ngazi. Mafundi wetu wa zamani bado wanasema gredi wani, gredi tuu. Hayo yalikuwa majaribio ya ufundi ya mfumo wa zamani. Sasa kuna NVA 1, 2 na 3, ambazo ni ngazi za tuzo za ufundi stadi, na aliyefika NVA 3 anaweza kuomba kuendelea na ngazi ya 4 ya NTA, ambazo ni ngazi za tuzo za elimu ya ufundi, yaani njia ya kuwa fundi sanifu haijafungwa kwa aliyeanzia chini. Kozi fupi ni jambo jingine: utajifunza kazi, lakini usitarajie ikupandishe ngazi hizo. Muulize mwenye chuo waziwazi ni ipi kati ya hizo mbili.

Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe Chongoleani, Agosti 2017, vijana wanaotaka kuchomelea hawakatiki dukani. Bomba lile lina kilometa 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na tunaelewa hamu yao. Lakini tunawaambia kweli hata kama inawavunja moyo kidogo: kuchomelea mageti ni kazi moja, kuchomelea bomba la mafuta ni nyingine, na ya pili ina majaribio na vyeti vyake juu ya vile vya chuo.

Ninyi mlio gereji na kwenye karakana miaka kumi bila karatasi, msikae mkidhani mmechelewa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi anapimwa kwa kazi yake, anaonyeshwa anapopungukiwa, anafundishwa hayo, kisha anapata cheti. Kwangu hii ndiyo taarifa yenye thamani kuliko zote tunazotoa, na ndiyo inayojulikana kwa wachache mno.

Mlioko Pangani, Lushoto au Mkinga msipande gari kuja kuuliza tu. Tumeni ujumbe wa sauti WhatsApp, elezeni umri, mlikoishia shule na ufundi mnaoutaka. Kuuliza ni bure. Malipo ni ya kujaza ombi na kuchapa, na bei zimebandikwa mlangoni.

Mkija kujaza, leteni cheti cha kuzaliwa, cha shule na namba ya NIDA kwa aliye nayo, na mvilinganishe nyumbani kwanza. Huku kwetu mtoto huitwa Mwanaidi shuleni na Mwanahidi kwenye cheti cha kuzaliwa, na herufi moja hiyo inaweza kukwamisha ombi. Majina yakipishana, pitieni kwa wakili mkaape hati ya kiapo kabla ya kuja. Simu ije ikiwa na chaji. Na kama mtoto hajafikisha miaka 18 na laini ni ya mzazi, mzazi mwenyewe aje naye.